Profesa Gregory, mawe ya Thika na wapagazi wa Pwani

Kila siku malori hupita barabara kuu ya Thika yakiwa yamesheheni mawe ya kujengea. Mengine ni ya kijivu, mengine ya manjano hafifu, yamekatwa kwa mashine hadi pande zake zikawa sawa. Mafundi huyaita mawe ya Ndarugu, kwa jina la mto unaopita kati ya Ruiru na Thika. Mimi ni mtu wa Mombasa ambaye kazi ilimleta bara, na nimekaa Ruiru miaka ya kutosha kuona machimbo yakifunguliwa na mengine yakijaa maji na kuachwa. Wengi wanaoyachimba, kuyapakia na kuyajengea hawajawahi kuambiwa jiwe lile ni nini.

Sisi wa Pwani tumezoea jiwe la matumbawe. Nyumba za Mji wa Kale na za Lamu zimesimama kwa jiwe hilo, na tunajua lilikotoka: baharini. Limwagie siki nawe utaliona likitoa povu, kwa sababu ni chokaa iliyojengwa na viumbe wa majini. Limwagie siki jiwe la Ndarugu, halitoi povu lolote. Hilo lilikuwa majivu ya volkano, yaliyomwagwa na kuanguka ardhini, yakalaliana na kushindiliwa hadi yakawa mwamba. Chini yake na kando yake kuna mwamba mwingine mzito na mweusi zaidi ambao uliwahi kutiririka kama uji wa moto. Ndio huo unaosagwa kuwa kokoto za barabara.

Leo nataka nikusimulieni habari za mtu aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza kuyaokota mawe ya volkano ya nchi hii kwa utaratibu, akayapa nambari na kuyasoma. Jina lake ni John Walter Gregory. Wanafunzi wa jiografia wanamjua, kwa kuwa Bonde la Ufa linalokatiza Kenya huitwa kwa jina lake katika vitabu vya wataalamu. Lisilosemwa sana ni kwamba safari iliyomjengea jina ilianzia Mombasa, ikaongozwa na mnyapara wa Pwani, na mizigo yake ikapanda juu ya vichwa vya watu wa Pwani.

Gregory alizaliwa London tarehe 27 Januari 1864, mtoto wa mfanyabiashara wa sufu. Hakulelewa ili awe msomi. Alipofikisha miaka 15 aliwekwa ukarani katika biashara ya sufu, na kazi yake ilikuwa hesabu na barua. Jioni, wenzake wakienda kupumzika, yeye alikwenda darasani Birkbeck, chuo kilichowafundisha watu wa kazi baada ya saa za kazi. Huko ndiko alikojifunza jiolojia. Mwaka 1887 akapata nafasi katika idara ya jiolojia ya Makumbusho ya Uingereza ya elimu ya viumbe na maumbile, London. Shahada yake ya kwanza aliipata mwaka 1891, tayari akiwa mtu mzima mwenye ajira.

Naeleza haya kwa sababu wapo vijana wetu wanaodhani elimu ya namna hii ni ya watu waliozaliwa nayo. Huyu alikuwa karani. Alichokuwa nacho ni jicho, daftari na ukaidi.

Mwaka 1892 alifika Afrika Mashariki akiwa mwanasayansi katika msafara mkubwa wa Waingereza uliokusudia kwenda kaskazini hadi ziwa ambalo siku zile waliliita Rudolf, nasi leo twaliita Turkana. Msafara ule ulivunjika mapema, sehemu za Tana, kabla haujaenda mbali. Gregory aliumwa sana. Mtu mwingine angepanda meli kurudi kwao na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye akaenda Mombasa, akakusanya fedha alizoweza na kuanzisha msafara wake mwenyewe, mdogo, wa wapagazi wapatao 40.

Wapagazi hao wameandikwa katika vitabu kuwa ni Wazanzibari. Msomaji wa Pwani anajua neno hilo lilivyotumika zama zile. Lilimaanisha Mwislamu au mtumwa aliyeachwa huru, Mswahili wa Mrima au wa visiwani, Mnyamwezi aliyelowea Pwani, na yeyote aliyeajiriwa katika bandari zetu kubeba mizigo bara. Hawa walikuwa wenye ujuzi. Walijua maji yako wapi, posho inanunuliwa wapi na kwa ushanga gani, na salamu gani hutolewa kabla ya kuingia nchi ya watu. Mkuu wao katika safari hii alikuwa Omari bin Hamadi. Gregory alikuwa na umri wa miaka 29, hajui nchi, na mwili wake umetoka kuugua. Bila mnyapara wa namna hiyo asingefika mbali.

Waliondoka Mombasa Machi 1893. Reli haikuwapo, ujenzi wake ulianza miaka mitatu baadaye. Walikwenda kwa miguu kupitia nyika na Ukambani, wakafika bondeni Naivasha, wakaendelea hadi Baringo, kisha wakapitia Laikipia kuelekea Mlima Kenya. Kurudi waliteremka kupitia nchi ya Wakikuyu hadi Pwani.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana hapo ndipo penye somo. Mtu hukusanyaje mawe ya volkano katika nchi asiyoijua, na anajuaje lipi ni la kawaida na lipi ni adimu? Nitaeleza kwa mifano ya huku Thika na Ruiru, ambako yeyote anaweza kuyahakikisha.

Kwanza, jiwe la volkano halijitambulishi kwa nje. Jua na mvua hulivika ngozi ya rangi ya kutu, na mawe kumi ya aina kumi yakikaa juani miaka elfu huonekana kama ndugu. Lazima livunjwe kwa nyundo hadi upatikane uso mpya ambao haujaguswa na hewa. Asiyevunja huokota ngozi tu.

Pili, sikiliza. Mwamba mweusi ulioenea kuanzia Nairobi hadi upande wa Thika huitwa fonolaiti. Jina hilo limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya sauti, kwa sababu bamba lake likigongwa hulia kama chuma. Jiwe la majivu likigongwa hutoa mshindo butu kama wa tofali. Mchimba kokoto aliyezoea kazi hutambua tofauti hiyo hata akiwa amefumba macho, ingawa pengine hakuwahi kuambiwa kuwa anafanya sayansi.

Tatu, tazama kwa karibu. Mtaalamu hutembea na kioo kidogo cha kukuzia, kinachozidisha mara kumi. Ndani ya mwamba mweusi huonekana chembe. Zile nyeupe zenye nyuso bapa, zinazomulika jua ghafla unapoligeuza jiwe mkononi, ni feldispa. Zile zenye mng'ao mzito kama wa mafuta ni nefelini, ambayo huwapo mahali ambapo lava ilikuwa na sodiamu nyingi na silika kidogo. Kwa kawaida penye nefelini usitarajie kwarizi. Mbili hizo hazikai nyumba moja. Chembe za kijani cha zeituni ni olivini. Na ikiwa jiwe zima ni kioo cheusi chenye makali, hiyo ni obsidiani, ambayo Naivasha iko tele na ambayo watu wa kale walichongea visu.

Nne, jaribu. Matundu madogo yaliyoachwa na mapovu ya gesi ndani ya lava mara nyingi hujazwa baadaye na vitu vyeupe vilivyoletwa na maji. Mgeni huvidhania kuwa feldispa. Kwaruza kwa kisu: feldispa hukishinda kisu, vile vingine hukwaruzika. Tia tone la asidi: kikitoa povu ni chokaa. Kwa majaribio mawili matatu kama hayo, mtu aliyeketi ukingoni mwa mto anaweza kuyapanga mawe yake kabla hata hayajafika maabara.

Tano, na hili ndilo kubwa kuliko yote, kila jiwe lipewe nambari na nambari hiyo iandikwe daftarini: limetoka wapi, tabaka gani, juu ya mwamba gani na chini ya mwamba gani, mto gani uko karibu. Jiwe zuri lisilo na anwani ni kokoto tu. Jiwe baya lenye anwani linaweza kumfundisha mtu ambaye hajazaliwa bado. Gregory aliyekuwa karani wa sufu alijua thamani ya hesabu iliyoandikwa vizuri, na nadhani ukarani ule ulimfaa zaidi kuliko alivyodhani.

Hebu sasa tufikirie uzito. Mzigo wa kawaida wa mpagazi siku zile ulikuwa ratili 60 hadi 70, yaani karibu kilo 30. Jiwe la ukubwa wa ngumi lina kama nusu kilo au zaidi. Mtu mmoja hubeba mawe yasiyofika 60, na huyo habebi tena chakula, nguo wala risasi. Kila jiwe Gregory aliloamua kulihifadhi lilichukua nafasi ya kitu kingine, na kuna mtu aliyelibeba kichwani kutoka bara hadi bandarini. Wapagazi wetu walizoea pembe, ambazo thamani yake kila mmoja aliijua. Safari hii walibeba vipande vya mwamba vilivyofungwa, kwa amri ya mtu aliyesema vina thamani wasiyoweza kuiona. Walivibeba na vikafika. Huo ni uaminifu wa kazi, nao unastahili kutajwa.

Mawe hayo yalimsaidia kueleza bonde. Kabla yake, msomi wa Austria aitwaye Eduard Suess alikuwa ameandika mwaka 1891, kwa kutegemea habari za wasafiri waliotangulia, kwamba kuna mpasuko mkubwa unaokatiza Afrika Mashariki. Suess hakuwahi kufika. Gregory alikwenda kuangalia kwa macho. Alizisoma kuta za bonde na tabaka za lava zake, akaona kwamba mto haukulichimba bonde lile. Ardhi ilipasuka kwa nyufa mbili zinazokwenda sambamba, na kipande cha katikati kikazama kama ubao wa sakafu uliokatika pande zote mbili. Kitabu chake kilichotoka mwaka 1896 ndicho kilicholieneza jina tunalolitumia hadi leo, Bonde la Ufa Kuu.

Mlimani kulikuwa na jambo jingine. Gregory alipanda Mlima Kenya hadi kwenye barafu yake, akiwa mwanajiolojia wa kwanza kuichunguza, na mto mmoja wa barafu akaupa jina la Lewis, mwanajiolojia wa Marekani. Usiku kambini maji yaliyoachwa vyunguni yaliganda. Watu wa Pwani, ambao maji kwao ni kitu kinachotikisika, waliamka wakakuta maji meupe yasiyotikisika. Mmoja wao, aliyeitwa Fundi, aliyapiga kwa fimbo nayo fimbo haikuingia. Wakasema maji yamerogwa. Gregory mwenyewe akaweka chungu kimoja motoni. Yakayeyuka, wakafurahi kwamba shetani katoka, lakini yeye alipogeuka tu wakayamwaga na kwenda kuteka mengine kijitoni.

Gregory aliisimulia habari hiyo kwa ucheshi, na waliomsoma Ulaya walicheka. Mimi naisoma vingine. Watu wale walikutana na kitu kigeni. Walitazama rangi yake, wakajaribu ugumu wake kwa fimbo, wakakitazama motoni wakaona kinavyobadilika. Hayo ndiyo majaribio yaleyale ambayo bwana wao alikuwa akiyafanya kwa mawe yake kutwa nzima. Na mwisho wakaamua kuwa hawakinywi. Tahadhari ya mtu aliye mbali na kwao haina cha kuchekwa.

Kwenye mlima huohuo ndiko lilikopatikana jiwe adimu kuliko yote aliyoyabeba. Ni lava nyeusi yenye kioo ndani yake, na katika weusi ule zimetapakaa chembe kubwa za feldispa zenye umbo la msambamba ulioinama, kama kashata zilizokatwa mshazari. Alilichunguza London kwa miaka kadhaa, na mwaka 1900 akaliandika kuwa ni aina mpya ya mwamba. Akaliita keniti, kwa jina la mlima. Nchi yenyewe ilikuwa bado haijaitwa Kenya. Ilikuja kuitwa hivyo mwaka 1920. Jiwe liliitangulia nchi kulibeba jina la mlima kwa miaka 20.

Mwaka 1900 huohuo Gregory alikwenda Melbourne, Australia, kuwa profesa. Karibu wakati huohuo aliteuliwa kuongoza wanasayansi wa msafara wa Waingereza wa kwenda Antaktika kwa meli ya Discovery. Ukazuka mgogoro: nani mkubwa huko barafuni, mwanasayansi au nahodha? Gregory alitaka sayansi iwe na kauli yake. Wakubwa wa London wakampa kauli ya mwisho nahodha, Robert Scott. Gregory akajiuzulu mwaka 1901, na meli ikaenda bila yeye.

Sasa sikilizeni. Mawe yaliyoletwa kutoka Kisiwa cha Ross, huko Antaktika, yalipochunguzwa, yalikutwa yana lava nyeusi yenye zilezile chembe kubwa za msambamba. Ilikuwa keniti. Wanajiolojia wa msafara wa Shackleton wa 1907 hadi 1909 waliikuta imewazunguka, kwa maana kibanda chao cha Cape Royds, chini ya volkano ya Erebus, kimejengwa juu ya mwamba huo. Jiwe la mlima wetu lilimsubiri mahali alipokataa kwenda. Wenzake waliweza kulitambua barafuni kwa sababu vipande vya kwanza vilikuwa vimekwisha kubebwa hadi bandarini na watu wa Omari bin Hamadi, vikiwa na nambari na anwani.

Mwaka 1904 Gregory alihamia Chuo Kikuu cha Glasgow, akafundisha huko hadi 1929. Alisafiri mno. Alifika jangwa la Ziwa Eyre, Libya na milima ya mpakani mwa Uchina na Tibet. Mwaka 1919 alirudi kwetu. Safari hii reli ilikuwapo, na njia iliyomchukua majuma kwa miguu ikawa ya saa kadhaa. Ndipo alipoona zana za mawe za watu wa kale huko Olorgesailie, ambako baadaye Louis na Mary Leakey walichimba. Kitabu chake kikubwa cha pili kuhusu mabonde na jiolojia ya Afrika Mashariki kilitoka mwaka 1921.

Hapa sina budi kusema pia lisilopendeza. Mwaka 1925 Gregory alichapisha kitabu kiitwacho The Menace of Colour, akitetea kwamba watu wa rangi mbalimbali ni heri wakae mbalimbali, kila kundi na nchi yake. Alikuwa mtu wa himaya na fikra zake zilikuwa za himaya. Mtu aliyelindwa, kulishwa na kuongozwa na watu weusi wa Pwani kwa miezi, akiwa mgonjwa na mgeni, ndiye aliyeandika hayo miaka 32 baadaye. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mawe aliyasoma vyema. Watu hakuwasoma kwa uangalifu uleule, na elimu ya jiwe haikumkinga na upofu huo. Tukimfundisha mashuleni tumfundishe mzima, na wema wake na kasoro yake.

Alikufa akiwa kazini. Tarehe 2 Juni 1932, akiwa na umri wa miaka 68, mashua yake ilipinduka katika maji makali ya mto Urubamba nchini Peru, akazama. Alikuwa amekwenda kusoma milima ya Andes.

Karibu nusu karne baada ya kifo chake jina lake likapewa jiwe jingine, na hili ni adimu zaidi ya keniti. Huko Tanzania, karibu na Ziwa Natron, upo mlima Oldoinyo Lengai, ambao Wamaasai huuita Mlima wa Mungu. Ni volkano pekee duniani iliyoonekana na watu ikitoa lava ya magadi. Lava hiyo ina joto la nyuzi 500 hadi 600 tu, karibu nusu ya joto la lava ya kawaida, na hutiririka nyepesi kama mafuta. Hutoka nyeusi, na baada ya saa chache au siku chache inageuka nyeupe kwa unyevu wa hewa. Madini mawili ndiyo yaliyoijenga. Moja limeitwa nyerereaiti, kwa jina la Mwalimu Julius Nyerere. La pili, lililotambuliwa mwaka 1980, limeitwa gregoriaiti.

Msomaji fikiria. Madini haya hayawezi kukaa mkononi. Mvua ikinyesha, yameyeyuka. Unyevu tu wa hewa unayageuza kuwa kitu kingine. Anayeyakusanya lazima ayachukue yakiwa mapya, ayafunge papo hapo katika chombo kisichopitisha hewa, aandike saa na mahali, na kuyapeleka maabara bila kuyafungua. Akizembea kwa muda mfupi, akifika anakuta unga mweupe usiomwambia kitu.

Mimi nayaona majina ya watu kuwa hivyohivyo. La Gregory lilifungwa vizuri: liko katika bonde, katika madini, katika vitabu. La Omari bin Hamadi liliandikwa na Gregory mwenyewe, hivyo tunalo, lakini tumeliacha hewani. Sijaona shule, barabara wala ubao Mombasa unaolitaja. Majina ya wengine wengi katika wale 40 yamekwisha kuyeyuka, na kwa watoto wetu safari ile imebaki kuwa ya Mzungu mmoja aliyetembea peke yake hadi mlimani.

Nini kifanyike? Nasema mawili. La kwanza ni la watu wa Pwani. Tunapokumbuka historia ya misafara huwa tunataja pembe na utumwa, na ni haki kutaja. Tutaje pia kwamba elimu ya ardhi ya Afrika Mashariki ilibebwa na hamali wetu. Makumbusho ya Fort Jesus yangekuwa mahali pazuri pa kuweka kipande cha keniti, kikiwa na jina la mnyapara aliyeuongoza msafara uliokileta Pwani.

La pili ni la sisi tunaoishi huku. Machimbo ya Ruiru, Juja na Thika ni vitabu vilivyo wazi. Ukuta wa shimo moja unaonyesha majivu juu ya lava na udongo mwekundu katikati, na mtoto wa darasa la sita anaweza kuhesabu mara ngapi volkano ilinyamaza na kuanza tena. Lakini machimbo yakiisha hufukiwa na kujengwa nyumba. Walimu wawapeleke watoto mapema, kwa ruhusa ya mwenye shimo na kwa uangalizi, maana kuta hizo huporomoka. Waende na nyundo, kioo cha kukuzia, siki, kalamu na daftari. Ieleweke pia kwamba katika mbuga za taifa, Mlima Kenya ukiwamo, mtu haokoti jiwe bila kibali, na kwamba madini ni mali ya Jamhuri chini ya sheria ya mwaka 2016. Kujifunza hakuhitaji kuchukua kingi. Jiwe moja lenye anwani latosha.

Na yeyote anayedhani mawe ya bara hayatuhusu sisi wa baharini, atazame ramani. Mto Ruiru unaingia Athi, nao Athi unafika kwetu kwa jina la Sabaki, ukiigeuza bahari ya Malindi kuwa nyekundu wakati wa mvua. Mto Thika unaingia Tana, ile ambako msafara wa kwanza wa Gregory ulivunjika. Na kutoka upande wa Ol Donyo Sabuk, jirani na Thika, lava moja ya kale ilitiririka karibu kilomita 300 kuelekea kwetu ikaacha uwanda wa Yatta, unaouona ukipita Tsavo, ukuta mrefu ulionyooka upeoni. Ni miongoni mwa mitiririko mirefu ya lava duniani. Hatuhitaji profesa atoke London kutuambia kwamba ni wetu, ila tunahitaji watoto wanaojua kuusoma, na wanaojua majina ya waliotangulia kuupita wakiwa na mzigo kichwani.